Kungoja ni sehemu ya kazi

Mhariri,

Kila jengo linapoporomoka Kampala au katika vitongoji vyake likiwa bado linajengwa, sisi tuliokaa miaka mingi kwenye kazi hii tunajua yatakayofuata: magazeti yatauliza nani aliiba saruji, wakubwa watafika wakiwa wamevaa kofia za plastiki, mhandisi atatafutwa, na kwa juma moja hivi nchi nzima itazungumza juu ya nondo nyembamba. Wizi upo, sibishi. Lakini naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze jambo ambalo halitajwi sana, nalo ni kwamba katika nchi yetu inayokimbilia maendeleo, kazi inayopunguzwa kwanza si ile ya kubeba, kuchimba wala kumwaga. Inayopunguzwa ni ile ya kungoja, kwa sababu mtu anayengoja huonekana kuwa hafanyi lolote, na hakuna anayependa kulipia hilo.

Tuanze na slabu ya ghorofa, yaani sakafu yake ya zege. Siku ya kumwaga slabu hapa Jinja ina shamrashamra zake: mashine ya kuchanganyia zege inanguruma tangu alfajiri, vijana wanapanga mstari wa kupokezana makarai hadi juu, mwenye jengo anakuja na kreti za soda, posho na maharage yanapikwa kwenye masufuria makubwa, na hakuna anayeondoka mpaka karai la mwisho limwagwe. Kesho yake kiwanja kiko kimya. Anabaki kijana mmoja mwenye ndoo, ambaye kazi yake ni kupanda juu asubuhi, adhuhuri na jioni ili aloweshe magunia yaliyotandazwa juu ya zege. Wengi hudhani kwamba zege huwa gumu kwa kukauka, kumbe saruji huwa ngumu kwa kuungana na maji, na maji yakitoweka kabla ya wakati, ugumu nao hukomea hapo ulipofikia. Zege la kawaida lililotunzwa vizuri hufikia kama theluthi mbili ya nguvu yake katika siku 7, na ile nguvu ambayo mhandisi aliitegemea alipochora ramani hupimwa siku ya 28. Ndiyo maana maabara huvunja vipande vya majaribio siku ya 7 na siku ya 28, bila kuuliza mwenye jengo anataka kuhamia lini.

Kijana huyo wa ndoo ndiye wa kwanza kuachishwa kazi fedha zinapopungua. Baada yake hufuata miti. Slabu changa husimama juu ya safu za miti ya mikalitusi, na miti hiyo mara nyingi ni ya kukodi, au inahitajika ghorofa ya juu, au inasubiriwa kwenye jengo jingine la mtu huyohuyo. Kwa hiyo hung'olewa zege likiwa bado halijaweza kujibeba lenyewe, sembuse kubeba matofali, mchanga na mafundi wa ghorofa inayofuata. Siku jengo likianguka tunamtafuta mwizi wa saruji, ilhali pengine saruji ilitiwa yote na kilichoibwa ni majuma mawili.

Si haki kumlaumu mwenye jengo peke yake. Mpaka afike siku ya kumwaga slabu, amekwisha kuzunguka maofisini miezi mingi akitafuta kuidhinishiwa ramani. Mkopo wake wa benki unamdai riba inayokaribia asilimia 20 kwa mwaka. Na watu wa maduka ya chini wameshamlipa kodi ya miezi kadhaa mbele. Muda alioupoteza kwenye makaratasi anataka kuufidia, na mahali pekee anapoweza kuufidia ni kwenye zege, kwa kuwa zege halina kaunta wala muhuri. Mambo tumeyapanga kinyume kabisa: tunalivumilia miezi na miezi faili lililolala mezani, ambalo halikomai kwa kulala, kisha tunakosa uvumilivu wa siku 28 kwa kitu ambacho hukomaa kwa kuachwa.

Wala si wajenzi wadogo tu. Bwawa la Karuma, la megawati 600, liliwekewa jiwe la msingi mwaka 2013 likitarajiwa kukamilika mwishoni mwa 2018. Mwaka 2016 taifa lilisikia kwamba zege la njia ya kumwagia maji yanayozidi bwawani lina nyufa, na ikabidi zitengenezwe. Bwawa lilizinduliwa rasmi Septemba 2024. Sababu za kuchelewa zilikuwa nyingi, zikiwemo janga la korona na njia za kusafirishia umeme, na mimi simo katika wale wanaotupia nyufa mzigo wote. Ninachosema ni kwamba zege linalorekebishwa hulipiwa muda mara mbili. Hapa kwetu Jinja wapo wanaopenda kuonyesha kidole bwawa la Owen Falls, yaani Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954, na kusema kwamba wakoloni walijua kujenga. Hao nao wasijisifu mno kwa niaba ya wengine, maana Nalubaale limekuwa na nyufa zake na matengenezo yake.

Nakubali kwamba ipo haraka iliyokuwa sahihi. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi waliongezeka kutoka kama milioni 3 hadi milioni 5.3 ndani ya mwaka mmoja, na sijui ni nani angethubutu kuwaambia watoto wale wangoje nyumbani mpaka madarasa yatoshe, kwa kuwa utoto hauwekwi akiba. Milango ilistahili kufunguliwa. Lakini mwalimu wa shule ya msingi alihitaji miaka miwili ya chuo, na miaka hiyo haikuweza kufupishwa kwa hotuba, kwa hiyo mwalimu mmoja akajikuta mbele ya watoto mia na zaidi huku mafanikio yakitangazwa kwa idadi ya walioandikishwa. Mambo ya shule nawaachia walimu, ambao wanayajua kuliko mimi.

Mahali ambapo suala hili la kungoja linaonekana wazi zaidi ni shambani. Kahawa ya robusta, ambayo sisi wa Busoga tunailima sana, haiivi siku moja. Kwenye tawi moja utakuta matunda mekundu, ya manjano na ya kijani, na mchumaji mwangalifu hurudi kwenye mti uleule mara kadhaa, akachuma yaliyoiva tu, akayaanika juu ya turubali, akayageuza, akayafunika mvua inapotishia. Mwenye haraka hukwanyua tawi zima kwa mkono mmoja, mabivu na mabichi pamoja, akayamwaga uani juu ya udongo mtupu. Mnunuzi wa kijijini akifika na mzani wake, bei huwa ileile kwa wote wawili, tena yule wa pili hupata fedha mapema na kahawa yake ambayo haijakauka humpa kilo nyingi zaidi. Tangu Bodi ya Kahawa ilipopoteza ukiritimba wake mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi wamekuwa wengi na wanagombania mzigo, hata wengine hununua kahawa ingali maua. Sitamani bodi ile irudi, maana tunakumbuka ilivyowakopa wakulima. Lakini yule anayengoja amefanya kazi ya ziada bila malipo, na msimu ujao akikwanyua naye, sitamwona mpumbavu.

Sasa tazama vanila, ng'ambo tu ya Mto Nile, huko Buikwe, Mukono na Kayunga. Ua la vanila huchanua siku moja na huchavushwa kwa mkono, moja baada ya jingine, kisha ganda hukaa kwenye mmea kama miezi tisa. Likivunwa changa linakuwa na harufu hafifu na jina la Uganda linachafuka sokoni. Lakini bei inapopanda wezi huingia usiku, na mkulima huamua kuvuna mapema kuliko kuvuniwa. Serikali iliona hivyo ikaanza kutangaza tarehe ya kufungua mavuno kila msimu, na kabla ya tarehe hiyo haruhusiwi mtu kuvuna, kuuza wala kununua. Sisemi kwamba agizo hilo huheshimiwa na wote. Wezi hawasomi matangazo. Hata hivyo limempa mkulima anayengoja neno la kumjibu mnunuzi mwenye papara, na limemweka mnunuzi huyo upande wa makosa.

Hicho ndicho ninachokitaka kwenye ujenzi. Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, inayodai kibali kabla ya kujenga na kibali kingine kabla ya watu kuingia kwenye jengo. Katikati ya vibali hivyo viwili ndipo zege hukomaa au huharibika, na ndipo mkaguzi anapoonekana kwa nadra. Kwa kawaida kiwanja tayari huwa na kibao chenye jina la mwenye mradi, mkandarasi na mhandisi. Kiongezewe mistari miwili inayoandikwa upya kila slabu inapomwagwa: tarehe ya kumwaga, na tarehe ya mapema kabisa ambayo mhandisi ameruhusu miti kuondolewa. Mpita njia hahitaji kusomea uhandisi ili atambue kwamba miti imetoka kabla ya siku yake, na jirani aliye na watoto nyuma ya ukuta atakuwa mkaguzi mkali kuliko wote.

La pili linahusu malipo, nalo naliona kubwa zaidi. Katika majedwali ya gharama za ujenzi, utunzaji wa zege kwa kawaida haulipwi peke yake. Umefichwa ndani ya bei ya zege lenyewe, na zege hupimwa kwa ujazo uliomwagwa. Maana yake mkandarasi hupata haki ya kudai fedha zake zege likishamwagwa, na kila siku anayoendelea kulimwagilia maji anaitoa mfukoni mwake. Hatuwezi kushangaa akiacha. Malipo hayo yatenganishwe: sehemu kubwa ilipwe zege linapomwagwa, na sehemu iliyobaki ilipwe baada ya matokeo ya siku ya 28 kutoka maabara, pamoja na fungu lake la maji, magunia, kibarua na kodi ya miti.

Serikali za mitaa zinaweza kuanza na majengo yao wenyewe, yaani madarasa ya ghorofa na vituo vya afya, bila kungoja sheria mpya kutoka bungeni. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na nyaraka za zabuni ndizo mahali pa kuandika masharti hayo. Wakandarasi watasema bei itapanda, nami naamini itapanda, ila si kwa kiasi watakachokitaja. Nawaomba wahandisi wa Jiji la Jinja wapige hesabu ya slabu moja ya kawaida, kwa utaratibu wa sasa na kwa huu ninaoupendekeza, kisha waichapishe katika ukurasa huu tuijadili kwa tarakimu.

Wako,
Msimamizi wa ujenzi mstaafu,
Walukuba, Jinja