Mtoto ana madoa ya kahawa na mgongo unapinda, msimwambie akae wima tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo hapo kwako maana hili jambo limenikaa rohoni.

Binti yangu alizaliwa na madoa ya rangi ya kahawa ya maziwa, tukaambiwa alama za kuzaliwa hizo, basi tukatulia. Alipofika miaka 7 siku moja namwogesha akainama kuokota sabuni, nikaona upande mmoja wa mgongo umenyanyuka na bega halilingani na lenzie. Nikampeleka, nikajibiwa ni begi la shule, akae wima. Miezi minane imepotea hivyo! Daktari mwingine ndo akahesabu yale madoa, yakapita sita, akasema hii ni nyurofibromatosisi aina ya kwanza.

Ni ugonjwa wa jeni unaoleta madoa hayo, uvimbe kwenye neva na hata kupinda mgongo, jeni yenyewe iko kwenye kromosomu ya 17, unapata kama mtoto 1 kwa kila 3,000, na karibu nusu yao hakuna mzazi aliyekuwa nao, kwa hiyo zile kelele za ukoo wa nani umeuleta naomba ziishe kabisa.

Sasa mgongo. Kuna kupinda kwa kawaida, na kuna kule ambako pingili zenyewe zinalika, kunaanza mapema kabla hata ya miaka 10, kunakuwa kona fupi na kali alafu kunaenda mbio, mkanda wa kubana haukuzuii, mara nyingi inabidi pingili ziunganishwe kwa operesheni mtoto akiwa bado anakua. Na eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi uvimbe wa neva uliojipenyeza kwenye tundu kati ya pingili, nusu ndani nusu nje, unagandamiza uti wa mgongo taratibu. Ndo maana lazima MRI ya mgongo, yaani ile picha ya sumaku inayoonyesha neva na uvimbe, kabla mtu hajashika kisu. Mtoto akianza kujikwaakwaa, miguu ganzi, au kajikojolea tena wakati alishaacha, hiyo sio ya kusubiri tarehe ya kliniki, ni siku hiyohiyo.

Madaktari wetu nawaheshimu sana, ila jamani mvueni mtoto shati, hesabuni madoa, mwambieni ainame. Haichukui hata dakika mbili.

Wa kwangu uvimbe ulionekana kwenye MRI wiki mbili kabla ya operesheni, na daktari wa mifupa akakataa kuingia mpaka mwenzie wa neva awepo.

Mama wa binti,
msomaji wenu