Bodi inaganda mchana: namna ya kupata volteji salama ya prosesa

Bodi ya Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) inayorekodi unyevu kwenye ghala la korosho hukaa ndani ya kiboksi kilichofungwa, juu karibu na bati, na bati la Mtwara mwezi wa Novemba halina huruma. Usiku inafanya kazi vizuri, saa nane mchana joto linaigandisha. Kushusha volteji ya prosesa kunasaidia kweli, kwa sababu joto la kazi hufuata mraba wa volteji: ukitoka volti 0.90 hadi 0.85, linapungua kwa karibu asilimia 11. Ila ukishusha kwa kubahatisha, unaleta ugonjwa mbaya kuliko wa kwanza.

Anza na umeme unaoingia. Kwenye dirisha la amri la bodi, andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa 0x0, umeme uko sawa, endelea. Likiwa 0x50005, umeme uko chini ya takriban volti 4.63 sasa hivi. 0x50000 maana yake ulishuka tangu bodi iwake. Waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 0.2 tu, ukipitisha ampea 2.5, unameza nusu volti, na chaja ya volti 5.1 inafikisha 4.6. Hapo nunua waya mfupi na mnene, prosesa iache ilivyo.

Umeme ukiwa sawa, fungua faili la mipangilio, `/boot/firmware/config.txt`, weka `over_voltage=-1`. Kila namba moja chini ya sifuri inapunguza volti 0.025. Washa upya, hakikisha kwa `vcgencmd measure_volts core`, jaribu, kisha shuka hatua nyingine. Bodi ikigoma kuwaka, chomeka kadi yake ya kumbukumbu kwenye kompyuta yoyote ufute mstari huo.

Bodi kuwaka si kipimo. Volteji ikipungua, transista (swichi ndogo ndani ya prosesa) zinakuwa nzito na jibu la hesabu linachelewa mpigo unaofuata wa saa ya ndani ya prosesa. Mara nyingine prosesa haigandi. Inaandika namba ya uongo kwenye rekodi zako na kuendelea na kazi. Hilo ndilo tunaloliogopa zaidi. Kwa hiyo endesha `stress-ng --cpu 4 --verify --timeout 2h`, inayoibebesha prosesa kazi nzito kwa saa mbili na kukagua majibu yake, mchana, kiboksi kikiwa kimefungwa. Kisha piga `sha256sum` (hesabu inayotoa alama ya faili) ya faili moja la MB 500 mara 200, ukipumzisha sekunde tano kila mara, maana bodi nyingi hushindwa pale zinaporuka ghafla kutoka kupumzika hadi kazi nzito. Majibu yote 200 yafanane herufi kwa herufi. Moja tu likitofautiana, volteji hiyo haifai.

Ikishindwa kwenye `over_voltage=-5`, tunaiacha kwenye -3. Usinakili namba hiyo kwenye bodi nyingine, hata kama zilinunuliwa pamoja.

Kama `vcgencmd measure_temp` bado inagusa nyuzi 80, bodi itajipunguzia kasi yenyewe. Toboa matundu chini na juu ya kiboksi, uzibe kwa wavu wa mbu.

Ukituletea bodi sisi mafundi tuipime, njoo na chaja, waya na kiboksi chake. Tunaipima ikiwa imefungwa vilevile inavyokaa ghalani.