Pesa za wilaya hurudi Hazina kwa nini?

Mhariri,

Kila Julai lawama huelekezwa Wizara ya Fedha: darasa halijaezekwa, pesa zimerudi Kampala. Wasomaji wanastahili kujua pesa hizo hupita wapi.

Bunge huidhinisha bajeti kabla ya Mei kuisha, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Katibu Mkuu wa wizara, ambaye ndiye pia Katibu wa Hazina, hutoa kila robo mwaka kiwango ambacho kila fungu, yaani wizara au wilaya yenye bajeti yake, linaweza kutumia. Mhasibu Mkuu wa Serikali husimamia mfumo wa malipo. Lakini anayesaini mkataba wa darasa ni afisa masuuli wa wilaya, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha zake, na ndiye anayemjibu Mkaguzi Mkuu.

Hapo ndipo mambo hukwama. Wilaya ikisubiri mgawo wa kwanza ndipo ianze kuandaa zabuni, basi tangazo, tathmini na mkataba hula miezi. Mkandarasi anamwaga kokoto mvua za Machi zikianza. Kuta zimefika kwenye linta, hati ya malipo haijasainiwa, na Juni 30 imefika. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 iko wazi: idhini ya Bunge inakoma siku hiyo, salio linarudi Mfuko Mkuu wa Serikali.

Michoro na nyaraka za zabuni ziwe tayari kabla Julai haijaingia. Nao madiwani, tafadhali, waombe mpango wa manunuzi mwezi huo huo, wasingoje Mei.

Msomaji,
Mbale