Mikwaruzo ya duara kwenye rangi ya gari lako

Kirumba, Mwanza

Ndugu yangu Mabula,

Salamu nyingi. Natumaini shemeji na watoto hawajambo huko Nyegezi.

Barua yako nimeipata, pamoja na ile picha ya boneti uliyoipiga usiku chini ya taa ya barabarani. Huo utando wa buibui unaouzunguka mwanga si ugonjwa wa rangi. Ni mikwaruzo myembamba kwa maelfu, imelala kila upande, ila jicho linaiona ile tu inayoukatiza mwanga, ndiyo maana inaonekana kama miduara. Gari jeupe linayo pia. Jeusi haliwezi kuificha.

Kabla hujampa fundi hata shilingi, lijue hili. Kupolishi si kuziba mikwaruzo. Ni kulipunguza lile tabaka ang'avu la juu, mafundi wanaloliita klia, mpaka lilingane na kina cha mkwaruzo. Klia ya kiwandani ina unene wa mikroni 35 hadi 50 hivi, kama nusu ya unywele, na ndiyo inayoikinga rangi na jua. Ikishaliwa hairudi mpaka upake rangi upya. Kwa hiyo tafuta njia laini kuliko zote itakayotosha, na ikishatosha, acha. Mkwaruzo unaonasa ukucha ukiupitishia kidole, usiufukuze. Upunguze makali, uuache hapo.

Halafu soma namba ya rangi. Iko kwenye kibati cha chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, mbele ya neno COLOR au C/TR. Kwa Toyota, nyeusi ya 202 inajulikana kwa ulaini wake, na magari mengi yenye rangi hiyo hayana klia. Utaitambua kwa kitambaa: ukifuta polishi kinatoka cheusi. Nyeusi ya 209, ile yenye chembe za kumetameta, ina klia. Kama ni 202, usianze na kompaundi, ile dawa kali inayokwangua zaidi ya polishi. Anza na polishi laini na sponji laini. Mara nyingi inatosha.

Gari lioshwe kikweli. Mji wetu umekaa juu ya granaiti, na vumbi lake lina chembe za kwatzi zilizo ngumu kuliko kioo. Chembe moja chini ya sponji ya mashine itachora mikwaruzo mipya ukidhani unafuta ya zamani. Baada ya kuosha, pitisha kiganja ukiwa umekivika mfuko laini wa nailoni. Ukihisi chenga, chukua ule udongo laini wa kusafishia rangi, kipande cha gramu 50 hivi, nyunyiza maji yenye shampuu, uteleze bila kukandamiza. Ukikidondosha chini, kitupe. Usikisuuze ukaendelea nacho.

Sasa mashine, na hapa nakuomba unisikilize. Usikubali mtu afunge sponji kwenye grenda ya kukatia chuma. Grenda nyingi zinazunguka mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya kupolishi ya mzunguko mmoja hufanyia kazi kati ya 600 na 1,500 hivi. Kwenye kona ya boneti grenda itafika kwenye praima, lile tabaka la chini ya rangi, kabla hujasema neno. Tafuta mashine ya mizunguko miwili, ambayo pedi, yaani ile sponji yake, inajizungusha huku ikitikisika. Hiyo ni ngumu kuunguza nayo rangi, na haiachi ile mistari ya upinde inayoonekana juani baada ya pedi ya sufu kuzungushwa kwa kasi.

Kazi ifanyike kivulini, bati likiwa limepoa. Ukishindwa kutuliza kiganja juu yake, ni moto mno. Polishi itakauka na kugeuka unga kabla haijafanya kazi. Kwa jua letu, anza saa 12 asubuhi. Bandika masking tepu kwenye raba, plastiki nyeusi na kingo zote kali, maana kwenye kingo ndiko rangi huwa nyembamba.

Jaribu kwanza eneo dogo katikati ya boneti, sentimita 40 kwa 40. Weka matone manne ya polishi, kila moja kama punje ya choroko, kwenye pedi ya inchi 5. Yatandaze kwa kasi namba 1, kisha panda hadi 4 au 5. Sogeza mkono polepole, sentimita 2 au 3 kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia: kwanza kwenda na kurudi, kisha juu na chini. Mapito manne hadi sita yanatosha. Chora mstari kwa kalamu ya wino pembeni mwa bamba linaloshika pedi. Mstari ukiacha kuzunguka, umekandamiza mno au umeiinamisha mashine, na hapo hakuna kinachofutika.

Futa, kisha mulika kwa tochi kutoka upande. Mikwaruzo ikibaki, badili pedi kabla ya kubadili dawa. Ikikataa ndipo uende kwenye kompaundi, na baada ya kompaundi lazima polishi laini ifuate, maana kompaundi yenyewe huacha ukungu.

Pedi chafu ndiyo inayoharibu kazi ya wengi. Kila ukimaliza eneo, isugue kwa brashi, na baada ya paneli mbili, yaani vipande vya bodi kama mlango au boneti, weka nyingine. Kwa gari zima andaa pedi tano au sita na taulo za maikrofaiba zisizopungua kumi.

Usidanganywe na mng'ao wa siku ya kwanza. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo, na ukiosha mara mbili tatu yote inarudi. Ukimaliza paneli, changanya spiriti ya isopropili ya asilimia 70, sehemu moja kwa maji sehemu nne, ufute kwa taulo safi bila kusugua. Unachokiona baada ya hapo ndiyo hali halisi ya rangi. Ukiridhika, paka nta nyembamba siku hiyohiyo.

Sasa lile lililoleta mikwaruzo. Tambara moja na ndoo moja kwa gari zima ndiyo chanzo, hasa ndoo iliyochotwa ufukweni ikiwa na mchanga. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu, nyingine ya kusuuzia, na glavu ya maikrofaiba. Anza na paa, malizia chini kwenye matope. Sabuni ya unga iache kwa nguo, inaondoa nta. Na usifute vumbi kavu kwa kitambaa asubuhi, hata kama una haraka.

Wale wadudu wa ziwani wakiganda kwenye bampa, usiwakwangue na usiwaache hadi kesho, kwa sababu wakioza wanakula klia. Lowesha taulo, litandaze juu yao dakika tano, kisha suuza kwa maji mengi. Watatoka wenyewe.

Namba ya rangi nitumie kabla hujanunua chochote, nikuambie uanze na pedi ipi.

Ni mimi rafiki yako,
Deo