Sokwe walifundishwa alama, si lugha ya alama

Mhariri,

Kila nikisoma kwamba sokwe fulani "alijua lugha ya alama", mimi mzazi wa mtoto kiziwi huumia. Alijua alama. Lugha ni jambo jingine.

Chukua Nim, sokwe aliyezaliwa Marekani mwaka 1973, akalelewa na watu kama mtoto wao katika utafiti wa Herbert Terrace wa Chuo Kikuu cha Columbia. Alijifunza alama zipatazo 125. Kauli yake ndefu kuliko zote ilikuwa na alama 16: "Toa chungwa mimi toa kula chungwa mimi kula chungwa toa mimi kula chungwa toa mimi wewe." Terrace alianza akiamini Nim angetunga sentensi. Alipozitazama upya picha za video, akaona kwamba mara nyingi Nim alikuwa anaiga alama ambayo mwalimu ametoka kuifanya, tena ili apewe kitu. Mwaka 1979 alilichapisha hilo waziwazi, na namheshimu kwa kukubali.

Binti yangu alipokuwa na miaka mitatu tulikuwa tunatembea usiku. Akauchomoa mkono wake kwenye wangu, akanivuta nguo nimtazame, akasema kwa alama: mwezi unatufuata, haulali? Nyusi alikuwa amezipandisha, maana kwetu nyusi ni sehemu ya sarufi. Bila hizo lile lisingekuwa swali. Hakuwa anaomba chochote. Alitaka nami niuone mwezi.

Na watoto hawangoji hata wafundishwe. Nchini Nikaragua, mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto viziwi walikusanywa shuleni wakafundishwa Kihispania na kusoma midomo. Wao kwa wao, uwanjani na ndani ya basi, wakaanza kuunda lugha mpya ya alama, na wadogo waliowafuata wakaikuza zaidi.

Sisemi haya kumdunisha sokwe. Utafiti ulipokwisha Nim alirudishwa kwenye vizimba, baadaye akauzwa kwa maabara ya majaribio ya dawa, mpaka watu wakapiga kelele akatolewa. Alifariki mwaka 2000. Unyama ule ulikuwa unyama, awe alijua sarufi au hakujua.

Ombi langu ni dogo: mnapoandika habari hizi, mtafuteni kwanza kiziwi mmoja mumuulize lugha yake ni nini.

Mzazi wa mtoto kiziwi