Tembe za kromiamu si badala ya metfomini

Mhariri,

Anayeingia duka la dawa Kisumu, Kakamega au Nakuru siku hizi akiulizia "ile tembe ya kukata hamu ya sukari" mara nyingi huwa anataka kromiamu. Amesikia redioni au ametumiwa ujumbe wa WhatsApp kwamba madini haya hushusha sukari mwilini, kwamba humwondolea mtu tamaa ya soda na mandazi, na kwamba akishayazoea anaweza kuachana na vidonge vya kisukari vya kliniki, kama metfomini. Madai mawili ya kwanza yana punje ya ukweli. La tatu ni la hatari, na ndilo limetufanya tushike kalamu, kwa sababu wanaolifuata hurudi kliniki sukari imepita 20 (namba zote za sukari ya damu humu ni za mmol/L), na wengine miguu tayari ina vidonda.

Kromiamu ni madini ambayo mwili, kama unayahitaji, unayahitaji kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 2001 Marekani ilikadiria mikrogramu 35 kwa siku kwa mwanamume asiyezidi miaka 50, na 25 kwa mwanamke wa umri huo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilipolichunguza suala hilo mwaka 2014 haikuona ushahidi kwamba ni madini ya lazima, ikakataa kuweka kiwango chochote. Wazo la kuyahusisha na sukari lilianzia kwa Klaus Schwarz na Walter Mertz, waliofanya majaribio kwa panya na kuchapisha matokeo yao mwaka 1959. Mwaka 1977 madaktari wa Toronto wakaeleza kisa cha mgonjwa aliyekuwa akilishwa kwa mshipa kwa miaka kadhaa, sukari yake ikavurugika, kisha ikatulia alipoongezewa kromiamu. Chakula chake cha mshipa hakikuwa na kromiamu ya kutosha. Mtu anayekula ugali, maharagwe, mboga na omena hayuko katika hali ya mgonjwa yule, na ndiyo maana matokeo ya mgonjwa yule hayawezi kuahidiwa kila mtu.

Kuna utafiti mmoja ambao wauzaji huupenda sana. Ulifanyika Uchina na kuchapishwa mwaka 1997, ukihusisha watu 180 wenye kisukari cha aina ya pili. Baada ya miezi minne, HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, kilikuwa asilimia 8.5 kwa waliopewa tembe tupu, 7.5 kwa waliopewa mikrogramu 200 kwa siku, na 6.6 kwa waliopewa 1,000. Ni matokeo mazuri. Tatizo ni kwamba watafiti wa Uholanzi walipojaribu mwaka 2006 na 2007 kwa wagonjwa wao hawakuona tofauti yoyote. Kuhusu hamu ya vitu vitamu, kuna majaribio madogo: moja la mwaka 2005 lenye watu 113 wenye sonona, ambamo mikrogramu 600 zilipunguza hamu ya wanga, na jingine la mwaka 2008 lenye wanawake 42 wanene, waliokula kidogo zaidi walipotumia mikrogramu 1,000. Yote mawili yalidumu wiki nane tu. Kwa hiyo anayesema kromiamu haifanyi lolote anatia chumvi, na anayeiita dawa ya kisukari anatia chumvi zaidi. Chama cha kisukari cha Marekani hakishauri itumiwe kama sehemu ya kawaida ya matibabu, na sisi tunakubaliana nacho.

Ikiwa mtu bado anataka kuijaribu, ageuze chupa asome nyuma, si mbele. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kwanza, angalia kipimo kimeandikwa mcg au mg. Mikrogramu 1,000 ndizo miligramu 1, kwa hiyo kukosea herufi moja ni kukosea mara elfu. Pili, angalia mikrogramu hizo ni za kromiamu yenyewe au za mchanganyiko wote. Kromiamu pikolineti ina kromiamu kama asilimia 12 tu ya uzito wake. Lebo ikisema "Chromium (as chromium picolinate) 200 mcg", unapata mikrogramu 200 kamili za kromiamu. Ikisema "Chromium picolinate 200 mcg" bila maelezo zaidi, huenda unapata 25 tu, na umelipia jina. Tatu, asilimia inayoandikwa pembeni isikutishe. Mikrogramu 200 huonyeshwa kama asilimia 571 kwa sababu kiwango cha lebo za Marekani ni 35; chupa za zamani zenye kiwango cha 120 zilionyesha 167 kwa kiasi kilekile.

Kisha jumlisha. Multivitamini nyingi zina kromiamu ndani, na "tembe za sukari" nyingi huchanganya kromiamu na mdalasini, karela au vanadiamu. Anayemeza aina tatu kwa pamoja hajui amefika wapi. Tunazungumzia mikrogramu 200 mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Hatuoni sababu ya mtu kujiongezea nyumbani hadi 1,000. Mwaka 1998 iliripotiwa habari ya mwanamke wa miaka 33 aliyekuwa akimeza mikrogramu 1,200 hadi 2,400 kila siku kwa miezi minne au mitano ili apungue uzito. Figo na ini vilidhurika na damu ikapungua. Kromiamu hutoka mwilini kwa njia ya mkojo, na kisukari chenyewe ndicho mojawapo ya visababishi vikuu vya figo kuharibika. Kwa hiyo mwenye kisukari asiyewahi kupimwa kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, asianze kabla ya kipimo hicho. Mwenye ugonjwa wa figo au ini, mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto wasitumie kabisa bila daktari.

Anayetumia levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingo aachanishe dawa hiyo na kromiamu kwa saa tatu au nne, maana kromiamu pikolineti huzuia levothairoksini isifyonzwe vizuri. Anayejidunga insulini au kumeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, sukari yake inaweza kushuka mno, hasa akiruka mlo. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba na kuhisi njaa ya ghafla, pima; ikiwa chini ya 4, koroga vijiko vinne vidogo vya sukari katika maji, kunywa, subiri dakika 15, pima tena. Hapo unahitaji sukari yenyewe, na chai yenye maziwa mengi huchelewa kuifikisha.

Jambo jingine linalotusumbua ni tembe inayoshusha sukari kwa kasi ya ajabu. Kromiamu haifanyi hivyo. Sukari ikitoka 16 hadi 6 ndani ya siku mbili tangu uanze "dawa ya asili", uwezekano mkubwa ni kwamba ndani yake mna dawa ya hospitali ambayo haikuandikwa. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimewahi kukamata bidhaa za namna hiyo zikiwa na glibenklamaidi ya siri. Acha kuitumia, peleka chupa pamoja na tembe zilizobaki kliniki, na usinunue kitu cha kumeza kwenye matatu au mkutano wa hadhara hata kama muuzaji amevaa koti jeupe.

Tuje kwenye kupima, maana hapa ndipo watu hujidanganya bila kukusudia. Mtu hupima asubuhi moja akapata 8.1, anameza kromiamu wiki moja, anapima tena anapata 7.3, anatangaza amepona. Mashine za nyumbani zinaruhusiwa na kiwango cha kimataifa kutofautiana na maabara kwa asilimia 15. Yaani 8.1 na 7.3 zinaweza kutoka kwa damu ya sukari ileile. Tena kuna makosa ya mkono: aliyemenya embe akapima bila kunawa hupata namba ya embe. Nawa kwa sabuni na maji, kausha kabisa, kisha toboa ubavu wa kidole. Stripu zilizoachwa kopo wazi huharibiwa na unyevu na joto, na joto la Kisumu halisamehe. Funga kopo papo hapo na usiliweke dirishani wala juu ya friji.

Jaribio la haki huenda hivi. Wiki mbili kabla ya kuanza, pima asubuhi kabla ya kula, siku tatu kwa wiki, uandike daftarini. Fanya HbA1c. Kisha anza kromiamu bila kubadilisha dawa, chakula wala mazoezi, maana ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kilichosaidia. Endelea kupima vilevile. Baada ya wiki 12 rudia HbA1c katika maabara ileile. Isiposhuka angalau 0.5, acha, pesa yako ina kazi nyingine. Tunasema wiki 12 kwa sababu HbA1c husoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi.

Na hapa Nyanza na Magharibi kuna tahadhari ambayo matangazo hayaitaji. Chembe nyekundu zikifa mapema, HbA1c hushuka bila sukari kushuka. Ndivyo ilivyo kwa mwenye selimundu, kwa aliyeugua malaria iliyommaliza damu, na kwa aliyeongezewa damu karibuni. Mtu kama huyo anaweza kuonyeshwa 6.2 na kuambiwa kromiamu imefanya kazi, kumbe kila asubuhi ana 11. Mweleze wa maabara hali yako mapema. Kuna kipimo cha fruktosamini, ambacho hakitegemei chembe nyekundu, na daftari la mashine ya nyumbani linabaki kuwa shahidi mzuri.

Hamu ya sukari nayo ina chanzo, na mara nyingi kiko mezani. Chai vikombe vitatu, kila kimoja vijiko vitatu, ni vijiko tisa, kama gramu 36. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana isizidi asilimia 5, yaani kama gramu 25. Soda ya nusu lita peke yake ina kama gramu 53. Aliyeanza siku kwa chai hiyo na mandazi mawili, akaruka chakula cha mchana, ataisaka soda saa kumi jioni hata ameze kromiamu mkono mzima. Kinachosaidia ni kuweka protini asubuhi: yai, ndengu au maharagwe ya jana, omena kwa anayeweza, au uji wa wimbi wenye njugu zilizosagwa, usiotiwa sukari. Sukari ya chai ipunguzwe nusu kijiko kila wiki, ulimi hufuata. Sukari nguru ya Kakamega si njia ya kukwepa, ni sukari ya muwa ileile iliyobaki na rangi yake, na mashine ya kupimia haioni tofauti.

Kuna pia hamu ambayo ni dalili. Sukari ikizidi kwenye damu lakini haiingii kwenye misuli, mwili huona njaa. Ukijikuta unatamani vitamu kupita kiasi, una kiu isiyoisha, unaamka usiku kukojoa na nguo zinakulegea, usinunue tembe, kapimwe. Sukari ya kabla ya kula ikiwa 7.0 au zaidi, au HbA1c 6.5 au zaidi, huo ni ugonjwa, ingawa kwa kawaida kipimo hurudiwa kuhakikisha.

Wengi wanaokimbilia kromiamu hawaikimbilii kwa imani. Wanaikimbia metfomini, kwa sababu iliwaendesha tumbo. Malalamiko yao ni ya kweli na yana dawa. Metfomini huanzwa kwa miligramu 500 mara moja kwa siku, inamezwa katikati ya mlo, si kabla, kisha huongezwa taratibu wiki hadi wiki. Ikishindikana, ipo inayoyeyuka polepole, ambayo tumbo la wengi huivumilia. Metfomini hushusha HbA1c kwa asilimia 1 hadi 1.5, na bei yake kwa mwezi kwa kawaida ni ndogo kuliko chupa moja ya kromiamu ya kutoka ng'ambo. Aambiwe hayo mgonjwa kabla hajaondoka dirishani, sisi wauza dawa tukiuza kromiamu bila kuuliza "unatumia dawa gani nyingine na mara ya mwisho ulipima lini?" tunashiriki katika madhara.

Kwa aliyeacha metfomini tayari na sasa anasoma haya: usirudi ghafla kwenye kipimo chako cha juu, tumbo litakukatisha tena. Pima sukari leo. Ikiwa imepita 15, au unatapika, unapumua kwa nguvu na una usingizi usio wa kawaida, nenda hospitali sasa hivi. Ikiwa chini ya hapo, nenda kliniki wiki hii na chupa zote mkononi, omba kreatinini ipimwe, na uanzishwe upya kwa 500. Anayetumia insulini na ameisimamisha asisubiri kliniki ya wiki ijayo, aende leo.

Wafamasia wawili,
Kisumu