Pipa linazunguka, lakini je, linachanganya?

Mteja wetu wa Ujiji alituletea vipande viwili vya sabuni ya mawese vilivyotoka kwenye pipa moja. Kimoja kilibabua mikono, cha pili ukikibana kinatoa mafuta. Alikwisha badilisha muuzaji wa kostiki, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, mara mbili, na bure tu, kwani vipimo vyake vilikuwa sawa: takriban gramu 141 za kostiki kavu kwa kila kilo ya mawese, tena kwa mizani.

Tatizo lilikuwa ndani ya pipa. Maji ya kostiki ni mazito kuliko mafuta, hivyo hukimbilia chini. Mota yake ilizungusha kwa nguvu hadi shimo likatokea katikati ya mchanganyiko, na watengenezaji wengi hapa Kigoma hulifurahia shimo hilo. Sisi linatutia wasiwasi. Pipa la duara lisilo na vizuizi huzungusha kila kitu kwa pamoja, kama watoto walioshikana mikono: wanazunguka sana, lakini kila mmoja yuko na jirani yuleyule.

Tunapima hivi. Tunajaza maji safi, tunawasha mota, kisha tunamimina kikombe cha maji ya chumvi upande mmoja. Maji yenye chumvi hupitisha umeme zaidi, kwa hiyo vipimio viwili, kimoja juu na kingine karibu na kitako, hutuonyesha chumvi inapofika. Tunahesabu sekunde mpaka vyote vifike asilimia 95 ya kiwango cha mwisho na kutulia. Mwaka 1883, mhandisi Osborne Reynolds wa Manchester, Uingereza, alitumia rangi ndani ya bomba la kioo: maji ya taratibu yaliibeba kama uzi ulionyooka, ya kasi yakaivuruga ikaenea bomba zima. Sisi tunautafuta mvurugo huo.

Ila maji si mawese, na sabuni ikianza kushika huwa nzito, mwendo ukafia ukutani. Ndiyo maana tunakata pia vipande vya juu, kati na chini, tukadondoshea fenolfthalini, dawa ya kupimia kostiki. Penye kostiki iliyobaki pataiva rangi ya waridi.

Dawa mara nyingi ni vibapa vinne vya chuma vilivyosimamishwa ukutani, upana wa sentimita 5 hivi kwa pipa la lita 200. Usiweke alumini, kostiki huila.

Ukituita, suuza pipa vizuri kwanza. Mabaki ya kostiki nayo hupitisha umeme, yatatuharibia kipimo.